Kimo cha Rara

Siku ya kupima farasi, Rambu Lika alimleta Rara kwenye jiwe bapa la uani, akamsimamisha miguu minne sawasawa, akampangusa vumbi mabegani kwa upindo wa kitambaa chake. Umbu Tunggu, mpimaji wa kijiji cha Prai Lindi, alisimika fimbo yake yenye alama, akateremsha kijiti cha kando mpaka kikagusa mfupa wa bega, akafumba jicho moja.

"Sentimita hamsini na tisa," alisema.

"Mwaka jana?" aliuliza Rambu Lika.

"Sabini na tano."

"Andika."

Umbu Tunggu akaandika. Kisha wakaletwa watoto watatu wa Rara, mmoja mmoja, na kijiti cha fimbo kikapanda juu. Wa kwanza, Topan, sentimita mia na arobaini na nane. Wa pili, mia na arobaini na tisa. Wa tatu, ambaye ndiyo kwanza amemaliza kukua, mia na hamsini na mbili. Rara alisimama kando akiwatazama wanawe kutoka chini, kama mbuzi aliyeingia kwenye kundi lisilo lake, akaendelea kutafuna.

Hakuna aliyeshangaa. Rara alipofika kijijini hapo alikuwa na sentimita mia na ishirini na saba, kimo cha heshima kabisa kwa farasi wa kisiwa cha Sumba, na kila alichozidi mtoto juu ya hapo kilitoka kwake. Kimo hakiokotwi njiani. Kikiongezeka huku, kimepungua kule, na mtu mwenye fimbo na penseli anaweza kujumlisha mwenyewe akaona hesabu inakaa sawa. Umbu Tunggu alikuwa amejumlisha mara tatu, na mara zote ilikaa.

Rara alikuwa farasi wa Rambu Lika. Alimpanda siku alipoletwa kuolewa, yeye mbele na ndugu zake nyuma na nguruwe na vitambaa, na wazee wote waliokuwa barazani siku ile walisema jambo moja tu, kwamba bibi harusi ni mrefu mno. Mumewe hakulalamika. Aliishi naye miaka tisa, akafa kwa homa bila ya kuacha mtoto, na Rambu Lika akabaki na chumba kimoja upande wa mashariki wa nyumba, mitambo miwili ya kufumia, na Rara. Alibaki pia na urefu wake. Kila alipotoka nje aliinamisha shingo yake kuukwepa ukingo wa paa la majani, na wanawake wenzake waliokuwa wakipita chini ya ukingo huo huo bila ya kuugusa walimtania, "Wifi, bado mrefu tu?"

Utani huo walikuwa na haki nao. Wana wa nyumba ile walikuwa wakubwa wa mifupa, na waliowazaa walilipa kwa kimo chao. Mama mkwe, Apu Hamu, alikuwa amezaa wana sita, wote wa kupigiwa mfano, na sasa alikuwa na kimo cha shibiri moja na nusu. Aliishi ndani ya kikapu kilichotundikwa kwenye nguzo ya baraza, akitafuna tambuu iliyosagwa kwenye kichupa cha dawa, na kutoka humo aliwaamrisha watu wote kama zamani. Sauti yake ilikuwa haijapungua hata kidogo.

Sasa, kuhusu dume. Miaka minane nyuma, Umbu Ndamung, mdogo wa marehemu na mkubwa wa nyumba kwa wakati huo, alileta kwa meli kutoka Java farasi dume wa damu safi ya mbio, anayeitwa Panglima. Panglima alikuwa na sentimita mia na sitini na nane, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, na tabia ya kuogopa kuku. Alikula shayiri iliyoletwa kwa gari. Alikuja na karatasi yenye majina ya baba yake, na baba wa baba yake, na hivyo hivyo mpaka vizazi saba, na Umbu Ndamung aliitia karatasi hiyo kwenye fremu ya kioo akaitundika pale ilipokuwa picha ya kaka yake.

Farasi jike wa kijiji hawakumfikia dume yule. Kwa hiyo, vijana walirundika udongo nyuma ya zizi, wakaushindilia kwa miguu, jike akapandishwa juu yake, Panglima akasimama chini. Mwaka wa kwanza kilima kilifika magotini. Rara alipopungua kwa mtoto wa kwanza, kilima kikaongezwa kikafika mapajani. Kwa mtoto wa tatu kilifika kiunoni. Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda, kilima kikipanda na Rara akishuka, na mvua za kila mwaka zikikilainisha pembeni mpaka majani yakaota.

Watoto hao walikimbia. Topan alishinda mbio za mjini Waingapu misimu miwili mfululizo, na kama ada ilivyo, mkubwa wa nyumba hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa Bwana wa Topan. Tangu siku hiyo wanawake wa nyumba hawakulitamka jina la farasi yule kwa sauti, maana mke wa nyumba hatamki ovyo jina analoitiwa mkubwa. Walimwita "yule mrefu." Wakimtaka atoke kwenye bustani ya mahindi walisema, "Wewe, yule mrefu, toka!" na farasi akazoea.

Jioni ya siku ile ya kupima, Umbu Ndamung alikuja baraza la mashariki. Alikuwa mtu mwenye furaha zake, mnene, jino moja la mbele limekatika. Walisalimiana pua kwa pua, akapewa tambuu, akatafuna, akatema, ndipo akasema.

"Shemeji, mwezi huu Rara apande tena kilimani."

"Yupo hamsini na tisa."

"Nimesikia. Wa nne huyu atafika mia na sitini na tano. Atakimbia na wale wa Java, shemeji. Wa Java wenyewe! Wataniuliza umempata wapi."

"Utawajibuje?"

"Nitawaambia Sumba."

"Sumba haina tumbo," alisema Rambu Lika. "Na Rara atabaki na nini?"

"Atabaki na kidogo. Anakula kidogo, analala pakubwa. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi."

Alicheka peke yake. Rambu Lika alimwacha amalize. Hakuwa na haraka. Alijua anachokishika, na alijua kuwa mwenzake anakijua pia. Rara hakusimama kilimani kwa ajili ya mtu yeyote ila yeye. Ilibidi Rambu Lika amzibe macho kwa kiganja na kumwimbia polepole ule wimbo wa kumpeleka bibi harusi, na bila ya hivyo jike yule alipiga mateke. Mwaka wa pili Umbu Ndamung alijaribu kumshika mwenyewe. Jino lilibaki kwenye udongo wa kilima, na huenda liko humo mpaka leo.

"Nitamshika," alisema Rambu Lika, "kwa sharti moja."

Sharti lenyewe alikuwa amelibeba moyoni miaka mitano. Kila mtoto wa Rara alipozaliwa, daktari wa mifugo alikuja na karatasi ya kuandikisha. Upande wa baba wa karatasi hiyo ulikuwa na vyumba vingi vinavyotagaa kama matawi, na daktari alivijaza vyote kwa kunakili kutoka kwenye fremu. Upande wa mama ulikuwa na chumba kimoja. Humo daktari aliandika "wa kienyeji," akapuliza wino ukauke, akaomba kahawa. Mara tatu Rambu Lika alimwona akiandika hivyo, na mara tatu alimletea kahawa hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto wa kumtaja atakapokufa. Alichonacho duniani kilikuwa jike yule, na jike yule alikuwa anakwisha, na siku akiisha asingebaki hata neno.

"Jina la Rara liandikwe kwenye karatasi ya daktari," alisema. "Kwa wino. Na liitwe mara tatu uwanjani Waingapu, mbele ya watu, siku mtoto atakapokimbia. Uape hapa, mbele ya mama yako."

Umbu Ndamung alitafuna tambuu kidogo.

"Jina la Rara. Kwa wino. Mara tatu uwanjani," alisema. "Nakubali, shemeji. Naapa."

Akaapa kwa kuweka mkono kwenye nguzo kuu, akamaliza tambuu yake, akaenda zake akipiga mluzi.

Kikapu cha nguzoni kilitikisika. Apu Hamu akatoa kichwa.

"Mwanangu yule nimemzaa mimi," alisema. "Akikubali haraka, hesabu vidole vyako."

"Apu, ameapa. Ahadi ni deni."

"Nimesikia. Nakwambia hesabu vidole."

"Nimemfunga pande zote," alisema Rambu Lika, na alijiamini, akainuka akaugonga ukingo wa paa kwa paji la uso kwa sababu ya furaha.

Siku ya nne kilima kilikuwa kimepandishwa mpaka kifuani kwa mtu. Rambu Lika alimbeba Rara mikononi, akapanda naye, akamzibia macho, akaimba. Panglima aliogopa kuku mmoja aliyekuwa akipita, akatulizwa, na kazi ikafanyika.

Mtoto alizaliwa baada ya miezi kumi na moja, mchana, jua kali. Kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko nyumba aliyotokea, alikuja amekunjwa, miguu ndani ya miguu, na wanawake wanne walikaa na Rambu Lika kwenye mkeka wakimkunjua taratibu kama kitambaa cha harusi kilichotolewa sandukuni. Walianza na shingo. Ilipofika zamu ya kunywesha farasi maji walikuwa wamemaliza mguu wa mwisho. Mtoto akainuka, akayumba, akasimama juu ya mama yake bila ya kumgusa. Mabega yalikuwa mekundu, rangi ile ile ya Rara, na hapo katikati ya paji palikuwa na alama nyeupe ya Rara, kubwa zaidi.

Kunyonya kulikuwa na taabu. Wiki ya kwanza mtoto alilala chini ili apate titi, na baadaye Rambu Lika alimkamua Rara kwenye kifuu cha nazi. Maziwa hayakupungua. Hilo Umbu Tunggu aliliandika pia, ingawa hapakuwa na mahali pake kwenye daftari.

Daktari alipokuja na karatasi, Rambu Lika alikuwa kwao, kwa mazishi ya mjomba wake, safari ya siku tano. Aliporudi alimuuliza Umbu Ndamung kama jina limeandikwa.

"Kwa wino mweusi," alisema Umbu Ndamung. "Nilisimama pale pale nikaliona."

Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Alikuwa ameapiwa kwenye nguzo.

Miaka mitatu ikapita, na mtoto akala kimo cha mama yake kidogo kidogo. Arobaini na tisa. Thelathini na nane. Rara alihama zizini akakaa chini ya sakafu ya nyumba na kuku, kisha akahamia barazani. Ishirini na saba. Apu Hamu alishuka kikapuni asubuhi moja, akamzunguka jike yule akimkagua meno na kwato, akaagiza aletewe uzi wa kufanyia hatamu. Kuanzia hapo kila asubuhi alimpanda Rara kutoka mwanzo wa baraza hadi mwisho na kurudi, mgongo umenyooka, akiwakaripia wakwe zake waliokuwa wanafagia wampishe. Miaka thelathini alikuwa hajapanda farasi. Rara naye alikwenda mwendo wake wa zamani, ule wa madaha, shingo imepinda, kwato zikigonga mbao kama mtu anayehesabu kokwa za popoo.

Mtoto wa mwisho, ambaye nyumbani aliitwa yule mwekundu tu, alimaliza kukua mwezi wa Julai. Mia na sitini na tano kamili. Rara alibaki na ishirini na moja.

"Andika," alisema Rambu Lika.

Siku ya mbio alimtia Rara kwenye mkoba wa tambuu, ule mkubwa wa kufuma, pamoja na majani mabichi kiganja kimoja. Apu Hamu alidai na yeye aingie, maana mwanawe anakimbiza farasi na yeye si maiti. Rambu Lika akautundika mkoba begani, akavaa kitambaa chake bora, kile chenye farasi wekundu wawili wanaotazamana, alichokifuma kwa ajili ya siku hiyo. Alisimama mbele kabisa, kwenye kamba, na waliokuwa nyuma yake walilalamika kuwa hawaoni.

Farasi walitolewa. Yule mwekundu alipoingia uwanjani watu walinyamaza, kisha wakaguna wote pamoja. Hapakuwa na mwingine wa kimo kile.

Mtangazaji akashika kipaza sauti.

"Rara!" aliita. "Rara! Rara! Mtoto wa Panglima, mjukuu wa..." na akaendelea na baba za baba mpaka vizazi saba, akimeza vumbi. "Mama, wa kienyeji. Mwenyewe, Bwana wa Topan wa Prai Lindi!"

Rambu Lika alisubiri. Alidhani mtangazaji ataendelea. Lakini mtangazaji alikuwa ameshahamia kwa farasi mwingine.

Alitembea mpaka kwenye meza ya daktari. Karatasi ilikuwa pale, juu ya nyingine, imekandamizwa kwa jiwe. Kwenye mstari wa kwanza kabisa, mahali pa jina la farasi, paliandikwa Rara, kwa wino mweusi. Chini, chumba cha mama kilikuwa kama zamani.

"Bwana Daktari," alisema, "mama wa huyu ana jina."

"Anaitwa nani?"

"Rara."

Daktari alivua miwani, akaifuta. Alikuwa mtu mpole.

"Rara ni huyu hapa, Rambu. Farasi wawili hawaandikwi jina moja. Karatasi haikubali."

"Mama alikuwa nalo kwanza."

"Naamini. Lakini yeye hakuandikishwa."

Umbu Ndamung alikuwa amekuja, uso unang'aa, tambuu shavuni. Alimshika shemeji yake mkono kwa upendo wa kweli kabisa.

"Nimeshika neno langu au sikulishika?" aliuliza. "Liko kwenye karatasi. Kwa wino. Limeitwa mara tatu, na watu wote wa Waingapu wamelisikia."

"Nilitaka liwe la mama."

"Shemeji, nimekupa zaidi ya ulichoomba! Jina la jike mmoja wa kijijini nimelivisha farasi wa mbio. Watu wengine wangeninunia." Akainamisha kichwa akanong'ona kama anayetoa siri njema. "Na akishinda leo, nami nitakuwa nalo."

Rambu Lika alimtazama. Alikuwa mrefu kuliko yeye na alimtazama kutoka juu. Alikipitia kiapo cha shemeji yake neno kwa neno, akakuta hakuna lililovunjwa. Alikuwa amekifunga mwenyewe, na kifundo kilikuwa kizuri.

"Haya," alisema, akarudi kwenye kamba.

"Vidole vingapi?" iliuliza sauti ya Apu Hamu mkobani.

Rambu Lika akauhamishia mkoba bega la pili.

Bendera ikashuka. Yule mwekundu alitangulia kwa shingo kuanzia mwanzo, akaacha nafasi ya farasi mmoja, ya wawili, ya watano, na kwenye kona ya mwisho Rambu Lika alimtambua. Miguu ilikuwa ya Panglima, mirefu, ya mgeni. Lakini namna ya kuingia kwenye kona, bega la ndani likishuka kidogo na mkia ukitulia, ilikuwa ya Rara. Hivyo ndivyo alivyoshuka naye mlima siku ya harusi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Alilia papo hapo, mbele ya watu, bila ya kujificha.

Yule mwekundu alishinda, bila shaka. Watu walivunja kamba. Walimbeba Umbu Ndamung juu juu, na tayari walikuwa wanamwita kama ada inavyotaka.

"Bwana wa Rara! Bwana wa Rara!"

Rambu Lika alielewa mara moja, kwa kuwa ada hiyo aliijua kama njia ya kisimani. Kuanzia dakika hiyo jina lilikuwa la mkubwa wa nyumba. Asingelitamka tena kwa sauti barazani, wala zizini, wala kwenye bustani ya mahindi. Alifungua kinywa kulijaribu mara moja ya mwisho, na mke wa mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa kando yake na mtoto mkubwa mgongoni, akamgusa kiwiko kwa upole. Akakifunga.

Kutoka juu ya mabega ya watu, Umbu Ndamung alikuwa akipaza sauti kwa vijana wake. "Kilima kisibomolewe! Jumatatu mleteni yule jike wa kijivu!"

Mkoba ulitikisika. Rambu Lika akaufungua. Apu Hamu alikuwa amejibanza pembeni, ameshikilia nyuzi za mkoba kwa mikono miwili.

"Kaingiwa na nini huyu?" alifoka. "Mtulize, ataniua!"

Rara alikuwa amesimama katikati ya majani, masikio yamesimama, pua imepanuka, akitetemeka kwa furaha toka shingo hadi mkia. Uwanja mzima ulikuwa ukimwita. Akainua kichwa akaitika, mlio mwembamba usiofika mbali kuliko urefu wa mkono, akasikiliza, wakamwita tena, akaitika tena.

Rambu Lika aliushikilia mkoba wazi, ili asikie vizuri. Hakumsahihisha.